Jinsi ya kusoma vitabu vyako msimu wa sikukuu bila kuwakimbia watu wa nyumbani

Haya wapenda vitabu wenzangu, likizo ndo hiyo inakuja na najua saa hizi ushaanza kupanga vitabu vya kubeba. Mi kwa miaka mingi nilikua nabeba vitabu sita kwa likizo ya siku kumi, narudi navyo vyote sita sijavigusa, au nikisoma basi nasoma kwa kujificha, nimejifungia chumbani nasema kichwa kinauma kumbe niko ukurasa wa mia mbili na kitu. Mpaka siku moja mama akafungua mlango akasimama pale, akaniuliza taratibu tu, mwanangu, umekuja kutuona sisi au umekuja kukisoma hicho kitabu? Hakufoka wala nini, na ndo maana iliniuma. Nikakifunga nikaenda kukaa nao sebuleni, ila nilikaa na kinyongo, mwili uko pale roho imebaki kwenye kitabu, na huko nako sio kukaa na watu.

Baada ya hapo nilikaa nikafikiria sana hili jambo, nikaona muda haukua shida, muda upo. Shida ni kwamba kitabu kwangu kilikua mlango wa kutokea, nikikishika tu watu wanajua huyu keshaondoka. Sasa nikaanza kidogokidogo kukileta kitabu pale watu walipo, na leo nyumbani kwetu ni mama ndo anauliza mwaka huu tunasoma nini. Imechukua miaka kama minne, sikudanganyi. Hapa chini ni hatua zenyewe, nimezipanga kama unavyotakiwa kuzifanya, na za mwanzo zianze wiki mbili kabla ya likizo, isipokua kuchomoa majina ya zawadi kwenye hatua ya 6, hiyo ni mwezi mmoja kabla.

HATUA YA 1: Pima unasoma kurasa ngapi kwa kweli

Wengi tunapanga vitabu vya likizo kwa hamu, hatupangi kwa hesabu. Chukua kitabu cha aina ile unayotaka kusoma, weka saa ya simu dakika 20, soma kwa mwendo wako wa kawaida bila kujikimbiza, ikilia hesabu kurasa. Fanya mara tatu siku tofauti, na mojawapo iwe usiku umechoka, maana likizo nyingi utasoma usiku umechoka. Kisha chukua ile namba ya katikati.

Tuseme umepata kurasa 12 kwa dakika 20. Hizo ni kurasa 36 kwa saa, kwa hiyo kitabu cha kurasa 300 kitakula masaa 8 na dakika 20, yaani dakika 500. Ukiwa na siku kumi ni dakika 50 kila siku, inaonekana rahisi sana. Ila sasa toa siku ya kusafiri kwenda, toa siku yenyewe ya sikukuu, toa siku ya kurudi, zimebaki saba na hapo ni dakika 71 kwa siku kwa kitabu kimoja tu. Ukiipata hiyo hesabu mbele yako utaelewa kwa nini vile sita vilikua havisomeki, na wala hutajilaumu tena.

HATUA YA 2: Chagua vitatu, na kila kimoja kiwe na kazi yake

Baada ya hesabu mi siku hizi nabeba vitatu basi.

Cha kwanza ni cha sebuleni. Hiki ni kitabu unachoweza kukatizwa katikati kila baada ya dakika tano na kisiharibike, kama hadithi fupi, mashairi, barua, insha, kitabu cha picha, vitu kama hivyo. Hiki unakisoma watu wakiwepo, mtu akikusemesha unafunga bila kununa. Ukikosea hapa ukaleta riwaya ngumu yenye watu arobaini sebuleni, kila mtoto akikuuliza swali utamjibu kwa ukali, na mtoto atajifunza kwamba kitabu kinamkasirisha shangazi.

Cha pili ni cha chumbani, hiki ndo kile kikubwa ulichokisubiri mwaka mzima, kinahitaji utulivu, kinasomwa alfajiri au wote wakishalala. Kimoja tu!

Cha tatu ni kitabu ulichokwisha kukisoma zamani na unakipenda. Najua wengine mtasema kurudia ni kupoteza muda na vipya vipo vingi, mi sikubaliani kabisa. Likizo ina siku za huzuni ndani yake, kuna siku nyumba imejaa watu na bado unajisikia mpweke au mmegombana, na siku hiyo kitabu kipya hakiingii kichwani. Kile unachokijua kinaingia.

Halafu usibebe vitabu vya deni, vile ambavyo mtu alikuazima mwaka juzi ukaahidi kuvisoma, au vya kazini. Virudishe kwa mwenyewe kabla ya likizo uende ukiwa mwepesi.

Kama unaazima maktaba, angalia tarehe ya kurudisha kabla hujaondoka, na uulize watafunga lini kwa ajili ya sikukuu, mana maktaba nyingi hufunga au hupunguza masaa kipindi hicho. Vitabu vya maktaba vya kwenye kifaa navyo vina mwisho wake, muda wa kuazima ukiisha kinajifunga hata kama umebakiza kurasa kumi, kwa hiyo ongeza muda mapema kabla mtu mwingine hajakiweka oda.

Kama una kile kifaa cha kusomea chenye wino wa kielektroniki, pakua kila kitu ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri, usiseme nitapakua nikifika. Uzuri wake chaji inadumu hata wiki kadhaa kwa sababu skrini inatumia umeme zaidi pale inapobadilisha ukurasa, tofauti na simu inayowaka muda wote. Na vitabu vya sauti usivisahau, safari ndefu na vyombo vya kuosha vimetengenezewa hivyo vitabu. Cha masaa 10 ukikiweka kwenye spidi ya 1.25 kinaisha kwa masaa 8. Usipite hapo kwenye hadithi nzuri lakini, msomaji akikimbizwa ile sauti inakosa pumzi na pumzi ni nusu ya hadithi.

HATUA YA 3: Ongea na watu wako kabla, usisubiri ugomvi

Hii ndo hatua ambayo watu wengi tunairuka na ndo yenye uzito wote. Wiki moja kabla, piga simu uongee na yule mwenye nyumba, awe mama, mama mkwe, kaka, yeyote anayebeba mzigo wa kupokea watu. Usimwambie nataka muda wangu wa kusoma, maana yeye anasikia nataka kukaa huku wengine wanafanya kazi. Muulize kwanza, je kuna kazi gani mwaka huu, nani analala wapi, nikusaidie nini? Chagua kazi moja uichukue jumla iwe yako likizo nzima. Mi nilichukua vyombo vya usiku, vyote, kila siku, naosha sufuria nasikiliza kitabu changu cha sauti masikioni. Ukishachukua kazi hiyo ndo unasema, na mimi mama asubuhi kabla hamjaamka nitakua nimekaa pale dirishani nasoma mpaka saa fulani, tafadhali mniache. Hakuna mtu amewahi kunikatalia. Aliyechukua vyombo vya usiku hasemwi kwa kusoma asubuhi.

Kwa wewe uliyeolewa au uliyeoa na unaenda ukweni, hapa tulia zaidi. Ukweni mwaka wa kwanza acha kitabu kikubwa kwenye begi kabisa. Nenda na kile cha sebuleni, ukisome pale pale mbele ya watu, na mtu akikuuliza unasoma nini umsimulie kidogo kwa sauti ya furaha. Wifi yangu mmoja alikua ananiona najidai, mpaka siku alipochungulia begani kwangu akacheka kitu nilichokua nasoma, nikampa akasome yeye kwanza. Nilikipata baada ya siku tatu na tangu hapo tunatumiana picha za magamba ya vitabu.

Na kuna nyakati ambazo kitabu unakiweka chini hata kama umebakiza ukurasa mmoja. Watu wako mezani. Mgeni ndo kwanza anaingia mlangoni. Mzee anasimulia, hata kama hiyo habari ushaisikia mara tisa. Mtu analia. Mtoto amekuletea kitu alichokichora. Hizo usizijadili na nafsi yako, funga tu.

HATUA YA 4: Anzisha nusu saa ya nyumba nzima

Hii ilianza kwetu kama jaribio na ndo imekua desturi. Kila siku ya likizo, muda ule mzito baada ya kula mchana ambapo watu wote wamelegea na kila mtu kaingia kwenye simu yake, tunakaa nusu saa kila mtu anasoma. Simu zinaingia kwenye kikapu kimoja, zimezimwa sauti, isipokua ya yule anayesubiri simu ya maana.

Siku ya kwanza weka dakika kumi na tano, usianze na saa nzima utawapoteza. Usichague mtu asome nini, anayetaka gazeti la zamani asome gazeti, anayetaka katuni, kitabu cha mapishi, kitabu cha maelekezo ya gari, sawa. Shemeji yangu miaka miwili mfululizo alisoma maelekezo ya jenereta na mwaka wa tatu akaniomba nimtafutie kitu kuhusu maisha ya mabaharia, sasa ningemlazimisha riwaya siku ile ningempata? Tena usipite ukiuliza umefika wapi, umeelewa nini, hiyo sio shule. Asiyetaka kusoma anaruhusiwa kulala hapo hapo kwenye kochi mradi yupo, wengi wanaolala siku ya kwanza wanashika kitabu siku ya tatu.

Watoto wasiojua kusoma wawekee rundo la vitabu vya picha wafunue wenyewe. Vitabu vya picha vingi vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa mafungu ya kurasa 8 au 16, kwa hiyo ni rahisi kupanga, kimoja kikisomwa kwa sauti na kuangalia picha taratibu ni kama dakika kumi hivi. Rundo la vitatu linatosha nusu saa nzima. Mmoja wa watu wazima akae nao chini.

HATUA YA 5: Usiku mmoja au miwili, soma kwa sauti

Kama unafanya hatua moja tu kati ya hizi zote fanya hii.

Watu wazima tumejisahaulisha kwamba kusomewa ni raha, tunafikiri ni ya watoto. Iran usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, unaoitwa Yalda, ukoo unakusanyika kwa mkubwa wao na mojawapo ya vitu wanavyofanya ni kufungua diwani ya mshairi Hafez na kusoma mashairi yake, kila mtu analisikiliza shairi lililomwangukia. Huyo mshairi ni wa karne ya 14, na mpaka leo babu na mjukuu wanamsikiliza chumba kimoja. Nilipojua hilo nikajisemea kumbe inawezekana, na kwetu pia tuna mashairi, tuna hadithi, tuna sauti.

Jinsi ya kufanya. Kwanza elewa kwamba kusoma kwa sauti ni polepole zaidi kuliko kusoma kimya, ukurasa wenye maneno 300 ukiusoma vizuri unachukua kama dakika mbili au zaidi kidogo. Kwa hiyo hadithi ya kurasa 15 ni nusu saa, na nusu saa inatosha kabisa kwa mara ya kwanza, usiwachoshe. Chagua hadithi yenye mazungumzo mengi, yenye watu wachache, inayoanza na tukio na sio maelezo ya mandhari kurasa tatu.

Pili isome mwenyewe peke yako kabla, na kwa sauti, sio kimya. Shika penseli weka alama ndogo pale unapotakiwa kuvuta pumzi na pale mtu anapobadilika kuongea, majina magumu yatamke mara kadhaa ulimi uzoee. Sauti za wahusika usijitese kuziigiza zote, badilisha tu kasi, mmoja aongee haraka mwingine taratibu, wasikilizaji watamjua. Na punguza taa ya chumba ubaki na taa ya kwako ya kusomea, hiyo peke yake inanyamazisha watu bila kuwaambia nyamazeni.

Tatu, kama hadithi ni ndefu katisha pale panapouma. Usimalizie sura, simama katikati ya hatari, funga kitabu sema kesho. Watapiga kelele wee lakini kesho saa ile ile watakua wamekaa wanakusubiri.

Nne, zungusha. Usiku wa pili mpe mwingine asome, na mtoto anayejifunza kusoma mpe mstari mmoja unaojirudia kwenye hadithi awe anausema yeye kila ukifika.

Hapa lazima niwaambie la mama yangu. Miaka yote hiyo nilijua mama hapendi vitabu, kila nikimpa zawadi anakiweka kabatini kizuri kabisa hakifunguliwi. Usiku wa kwanza niliposoma kwa sauti akasogea na kiti chake mpaka karibu yangu, na nilipomaliza akanishika mkono akaniambia, soma tena pale mwanzo. Kesho yake nikamwona ameshika kile kitabu kakinyoosha mbali kabisa mikono yote miwili, anakunja uso. Macho! Miaka yote ni macho tu, alikua haoni herufi ndogo na alikua anaona aibu kusema, na mimi nikasema hapendi. Lenzi ya jicho inapoteza ulaini kadiri umri unavyoenda na kuanzia miaka ya arobaini hivi watu wengi wanaanza kushindwa kuona vya karibu, ni kitu cha kawaida kabisa na miwani inatatua. Kwa hiyo nyinyi mnaosema mzazi wangu sio msomaji, mwangalieni kwanza anashikaje kitabu. Mpelekeni akapimwe macho, mtafutieni chapa ya herufi kubwa au mkuzie herufi kwenye kifaa, muweke taa nyuma ya bega lake iangaze ukurasa. Mama yangu saa hizi ananimalizia vitabu kabla yangu.

Na kama nyumbani kuna mzee ambaye hakuwahi kufundishwa kusoma, usimsomee tu kila siku kama mgonjwa, mpe na yeye usiku wake asimulie, na wewe ukae chini usikilize, umrekodi kwa simu akikuruhusu. Huyo ni kitabu na hana nakala ya pili.

HATUA YA 6: Zawadi za vitabu, zifanyeni kwa mpango

Iceland wana desturi ambayo kila mpenda vitabu akiisikia anatamani kuhamia kule, wanaiita Jólabókaflóð, maana yake ni kama mafuriko ya vitabu ya Krismasi. Watu wanapeana vitabu usiku wa tarehe 24 Desemba na wanaenda kuvisoma usiku huo huo. Ilishika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bidhaa nyingi za kuagiza kutoka nje zilikua ngumu kupatikana ila karatasi ilikua inapatikana, ikawa vitabu ndo zawadi. Na tangu 1944 wachapishaji wa kule wanatoa katalogi ya vitabu vipya vya mwaka, ambayo kwa miaka mingi ilikua inapelekwa majumbani, watu wanakaa wanachagua. Nilichojifunza mimi hapo sio hata zawadi yenyewe, ni kwamba wametenga na muda wa kukisoma. Sisi tunapeana kitabu halafu tunamnyima mtu nafasi ya kukifungua, anakipokea anasema asante anarudi kwenye makelele.

Kwetu tunafanya hivi, majina yote yanaandikwa kwenye vikaratasi, kila mtu anachomoa jina moja mwezi mmoja kabla, anamtafutia huyo mtu kitabu kimoja tu, kipya au cha mtumba, haijalishi. Kwa hiyo hakuna anayefilisika na hakuna anayekosa. Vinafunguliwa usiku, halafu hakuna shughuli nyingine baada ya hapo, taa zinawaka kila mtu anaingia kwenye chake.

Kumchagulia mtu kitabu usianze kuuliza unapenda vitabu gani, wasiosoma hawana jibu na wanajisikia vibaya. Uliza kitu gani mara ya mwisho kilikufanya uchelewe kulala, iwe sinema, mpira, habari za mtu, chochote. Uliza ukikutana na mtu mwenye kazi yoyote duniani ungetaka akusimulie kazi gani. Hapo unapata pa kuanzia. Na jamani, kitabu kisiwe ushauri uliofungwa karatasi. Usimpe dada yako kitabu cha kupunguza mwili, usimpe mdogo wako cha nidhamu ya pesa mbele za watu, hata kama nia yako ni safi kabisa, atasikia umemwambia kitu mbele ya ukoo mzima.

Cha mtumba kikague hivi, kifungue katikati ukinuse, harufu ya unyevu unyevu usikichukue kwa sababu ukungu unahamia kwenye vingine. Hesabu kurasa za mwisho zipo, angalia kama uti wa mgongo umeachia gundi. Karatasi kua ya njano sio ubovu, karatasi za bei nafuu zina lignini ndani yake, kitu cha asili kinachotoka kwenye mti, na ikikutana na hewa na mwanga inageuka rangi, kitabu bado ni kizima.

Andika neno la mtoaji na tarehe. Kama una wasiwasi labda anacho tayari, andika kwenye kadi ya pembeni uweke ndani ili aweze kukibadilisha, kama una uhakika andika kwenye ukurasa mtupu wa mwanzo. Usiandike jina tu, andika kwa nini umemchagulia hicho, mstari mmoja.

HATUA YA 7: Kitabu kikilowa

Nyumba yenye watu ishirini kikombe kitamwagika tu, kubali mapema. Kuna mwaka mpwa wangu alimwagia maji riwaya yangu akabaki ameganda anasubiri nifoke, nikamwambia njoo tukiokoe. Ukifoka hapo mtoto atakiogopa kitabu miaka.

Fanyeni haraka, ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili. Usivute kurasa zilizogandana zikiwa mbichi, zinachanika. Kausha nje kwa kitambaa bila kusugua, kisha weka tishu nyeupe zisizo na maua kati ya kurasa, kila baada ya kurasa ishirini hivi, zikilowa badilisha. Kikishapungua maji kisimamishe wima kimefunguka kidogo kama feni, sehemu yenye hewa inayotembea. Usikianike juani wala usikipulizie hewa ya moto, kinajikunja na gamba linapinda. Kikibaki na unyevu kidogo sana kilaze chini ya vitabu vizito siku kadhaa kinyooke.

Kama hamna muda, watu wengi na sikukuu ni kesho, kitie kwenye mfuko wa plastiki ukiweke kwenye frizi. Kweli kabisa, kikiganda ukungu hauoti na unaweza kukishughulikia wiki ijayo kwa utulivu. Ila vitabu vya karatasi ile ya kung'aa, vya picha, hivyo ni dharura, kurasa zake zikikaukiana zinashikana moja kwa moja, kwa hiyo hivyo ndo vya kuanza navyo, kila ukurasa na karatasi yake katikati.

Ukurasa ukichanika usiweke selotepu, gundi yake inageuka njano baadae na inakula karatasi. Weka ile karatasi ndani ya kitabu pale pale, utatafuta tepu ya kurekebishia vitabu ukirudi.

HATUA YA 8: Daftari, na kitabu kimoja cha nyumba

Nunueni daftari moja gumu, likae nyumba ile mnayokutanika, lisiondoke. Kila mwisho wa likizo mnaandika mwaka, nani alikuwepo, nani alisoma nini, na kila mtu mstari mmoja kuhusu alichosoma. Mtoto asiyejua kuandika anachora. Asiyemaliza anaandika alipofika, na mwaka unaofuata utashangaa anakitafuta amalizie.

Pamoja na daftari chagueni kitabu kimoja kiwe cha nyumba, kinasomwa kwa sauti kila mwaka, hata kurasa chache tu. Chetu ni cha baba. Alikua na tabia ya kupiga mstari kwa penseli chini ya maneno aliyoyapenda, na likizo ya kwanza baada ya yeye kuondoka hakuna aliyeweza kusoma kitu chochote nyumba ile, mimi mwenyewe nilishika kitabu siku tatu sijafunua ukurasa. Ndugu yangu ndo alikishusha kabatini akasema basi tusisome kitabu, tusome mistari yake tu. Tukasoma mistari aliyoipiga, mmoja mmoja, ilichukua kama dakika arobaini, na tulikua tunasimama kubishana hapa alipenda nini, mama anasema hapa ni kwa sababu ya jambo fulani la mwaka fulani ambalo sisi wote hatukuwahi kulijua.

Kila mwaka sasa tunakisoma hivyo, na kila mtu anaruhusiwa kupiga mstari wake mmoja, na kuandika mwaka pembeni kwa namba ndogo. Tumieni penseli, msitumie kalamu, penseli haisambai kitabu kikilowa na wino wa kalamu nyingi unasambaa. Piga taratibu usichimbe karatasi. Mwaka jana yule mpwa wangu wa maji ndo alipiga wake kwa mara ya kwanza, alichagua kwa muda mrefu sana mpaka wengine wakaenda kulala, na asubuhi nilipokifungua nikakuta ameupiga chini ya mstari ambao babu yake alikua ameshaupiga, ikawa mistari miwili.